Pampu ya umeme ya mafuta ikiwa kimya

Ndugu, kwa kuwa umesema pampu ya umeme ya mafuta ya ndege yako haitoi sauti na geji ya presha haipandi unapowasha swichi, usiagize mpya kabla ya kupima volti kwenye plagi ya pampu yenyewe huku swichi ikiwa imewashwa, maana pampu nyingi nzima hutupwa bure ilhali hitilafu iko kwenye kikata umeme, swichi iliyochakaa au ethi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya ndege) yenye kutu. Umeme ukifika vizuri na ethi ikawa nzima, basi pampu imekufa. Ingekuwa inanguruma bila kuleta presha, ningeshuku chujio lililoziba au hewa inayopenya upande wa kunyonya.

Kabla ya kuifungua, funga vali ya mafuta, ondoa waya wa betri na uunganishe ndege na ardhi. Pampu mpya ilingane na namba ya kipuri iliyo kwenye kitabu cha ndege. Ya gari, hata ikifanana kwa umbo, haina idhini, na presha yake yaweza kufurisha kabureta. Unapoifunga, fuata mshale wa mtiririko, kisha urudishe waya wa betri, ufungue vali na uwashe pampu injini ikiwa imezimwa na ukague uvujaji. Fundi mwenye leseni ndiye atakayetia sahihi kwenye kitabu cha matengenezo.