Maswali na Majibu: Soya, Ngozi na Sharti la Ulaya Kuhusu Ukataji Misitu

Kanuni ya Umoja wa Ulaya 2023/1115 inazuia bidhaa za ng'ombe, kahawa, kakao, soya, mpira, michikichi na mbao zilizotoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, na inadai mahali zilipotoka paonyeshwe kwa vipimo vya ramani. Wasomaji wa Dodoma na Singida wameuliza.

Nalima alizeti na ufuta Kongwa. Inanihusu?

Hapana. Alizeti, ufuta, karanga na zabibu hazimo. Paleti za mbao zinazobeba mzigo wako nazo hazihesabiwi.

Nina mashamba matatu ya soya: ekari 5, 7 na 12. Nichore mipaka ya yote?

Usiyajumlishe, kila shamba linapimwa peke yake. Lisilozidi hekta 4, karibu ekari 10, linatosha nukta moja ya GPS. La ekari 12 lizungukie kwa miguu mpaka urudi ulipoanzia. Kila namba ya latitudo na longitudo iwe na tarakimu sita baada ya nukta ya desimali. Ukiipitishia Excel, hakikisha haijakatwa.

Hapa ndipo ni rahisi kukosea. Dodoma mjini ni latitudo -6.173, longitudo 35.742. Ukisahau alama ya kutoa, shamba linahamia kusini-magharibi mwa Ethiopia. Ukibadilisha nafasi za namba hizo mbili, linaangukia Atlantiki, karibu na Moroko. Faili la GeoJSON, yaani faili la kompyuta linalobeba vipimo vya shamba, linaanza na longitudo, ilhali simu nyingi huonyesha latitudo kwanza. Kabla ya kulituma, lifungue kwenye ramani ya setilaiti uone miti na njia unazozijua.

Shamba langu Manyoni lilifyekwa 2022 kwa kibali cha kijiji. Si halali?

Kibali hakikuokoi. Swali ni pale palikuwaje kabla: eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti inayozidi mita 5 au inayoweza kufika hapo, matawi yakifunika zaidi ya asilimia 10, ni msitu. Asilimia 10 ni kidogo mno. Hata miombo iliyoachana inaweza kuingia. Tafuta picha za setilaiti za 2020 kabla ya kuuza. Na usichanganye soya hiyo na ya jirani ghalani: ikishachanganyika isitenganishike, mzigo wote unakataliwa, na wenzako wanaumia bila kosa.

Nanunua ngozi machinjioni. Ng'ombe wamepita minada miwili. Nifanyeje?

Ngozi ya ng'ombe imo. Ya mbuzi na kondoo haimo. Mnunuzi lazima ajue kila mahali ng'ombe alipowekwa, hata kwa muda, ila nukta moja kwa kila mahali inatosha. Andika namba ya hereni, mfugaji, minada na tarehe ya kuchinjwa, kisha funga lebo kwenye ngozi kabla ya chumvi. Ngozi zikishapangwa bila lebo, hakuna atakayezitambua.

Tamko la kuthibitisha kwamba mzigo haukutoka kwenye msitu uliofyekwa najaza mimi? Lini?

Anajaza mwagizaji aliyeko Ulaya, kwa taarifa zako. Kampuni kubwa na za kati zinaanza 30 Desemba 2026, ndogo 30 Juni 2027. Yeye anatakiwa kutunza kumbukumbu miaka 5, nawe baki na nakala yako kwa muda huo huo.