Granada kwa miguu: hiyo saa ya kwenye tiketi SIYO ya getini!

Dada mtoa mada, ishia hapo hapo. Umeandika tiketi yenu ya Alhambra, ile ngome ya kale ya Granada, Hispania, ni ya saa nne na nusu asubuhi, halafu "tutaenda mdogo mdogo na mama, tuanze na bustani, kasri tumalizie". Hivyo hivyo ndivyo nilivyofanya mimi. Nimesoma hiyo sentensi tumbo likanikata.

Hiyo saa ni ya kuingia Palacios Nazaríes, kasri za wafalme Waislamu. Mlango wake ni mwingine kabisa, ndani huko, na kutoka geti la Generalife, yaani upande wa hizo bustani, kwa mwendo wa mama mtu mzima hesabu robo saa na ushee.

Mimi na mke wangu tulipanda kwa mguu kutoka uwanja wa Plaza Nueva mjini, tukafuata mtaa wa mlima wa Cuesta de Gomérez, kivuli cha miti, raha tupu. Saa nne tuko getini. Nikajipongeza, tumewahi! Tukaingia Generalife. Kuna ngazi kule, ukingo wake wa kushikia umechongwa mfereji, maji yanateremka humo humo unapoweka mkono. Nikatia mkono kama mtoto, nikashuka nayo, nikapanda, nikashuka tena, picha juu ya picha. Mke wangu akaniuliza saa mara mbili. Nikamjibu kwa maneno ya binamu yake anayeishi Madrid, shemeji mwenye ujuzi wa kila kitu: "Wahispania ni kama sisi tu, hawana haraka, ukichelewa wanakuelewa."

Shemeji, kama unapita humu: hawakunielewa.

Mlango wa kasri tuliufikia tumechelewa dakika hamsini. Dada wa mlangoni hakufoka. Aliweka kidole kwenye 10:30, akakihamishia kwenye saa yake ya mkononi, akanitazama. Nikajaribu Kiingereza, nikajaribu huruma, nikamsogeza mke wangu mbele kama kielelezo. Wapi! Na haki ilikuwa yake, saa imeandikwa. Kununua nyingine? Za siku ile zilishakwisha zamani, na zile huuzwa kwa jina na namba ya pasipoti, huwezi hata kuokoteza ya mtu.

Euro karibu 20 kwa kichwa siyo zinazoniuma. Mimi nimesoma madrasa Pangani, nilitaka kusimama mbele ya zile kuta nisome mwenyewe "wa la ghaliba illa Llah", hakuna mshindi ila Mungu, maneno ambayo wale Nasrid, ukoo wa hao wafalme, waliyachonga ukuta hadi ukuta, na mji wakaja kuukabidhi kwa Wakristo 1492. Nilitaka kuwaona wale simba 12 wa marumaru. Badala yake nilikaa kwenye kasri la Charles V, mfalme Mkristo wa baadaye, la jirani, ambalo kuingia uani ni bure, ua wa duara, nikahesabu nguzo. Nikizimaliza naanza upya, duara haina mwisho. Mke wangu hakusema neno mpaka Malaga.

Kwa hiyo: KASRI KWANZA. Ingieni kwa geti la Puerta de la Justicia, muwe kwenye foleni dakika ishirini kabla, pasipoti mkononi, siyo kwenye sanduku hotelini. Mkishatoka ndiyo mwende Generalife mkazeeke huko. Mtu yeyote akikwambia "haina shida", muulize yeye mwenyewe aliingia lini.

Viatu, vaeni raba, vichochoro vya Albaicín, mtaa wa kale wa Granada, ni kokoto tupu na milima. Chakula, ukiagiza kinywaji baa nyingi wanakuletea kisahani cha bure, ila uliza kwanza kama ni nguruwe. Huko huko, karibu na Mirador de San Nicolás, pale watu wanapotazamia mandhari, kuna msikiti uliofunguliwa 2003, bustani yake inatazamana na Alhambra ng'ambo ya bonde. Adhuhuri yangu niliiswali hapo, nikiwa nimenuna. Uliuliza na nini tena? Hoteli? Hoteli yoyote, bora ina saa ya kengele.

Shemeji bado hupiga simu kila Idi. Anapokea dada yake, mimi naenda kuoga.