Misemo ya mitaani ya Australia: anza na inayogusa kazi na mfuko

Ukihamia Australia, achana kwanza na orodha ndefu za misemo zinazozunguka mtandaoni. Jifunze ile ya kazini. Msimamizi akikutaka "this arvo", uende leo alasiri. "Smoko" ni mapumziko ya chai, hata kwa asiyevuta sigara. "Servo" ni kituo cha mafuta. Wanapenda kukata neno na kulibandika "o" mwishoni. Sikio likizoea, mengine utayang'amua mwenyewe.

Halafu kuna ya adabu. Ukialikwa ukaambiwa "bring a plate", usibebe sahani tupu: njoo na chakula cha kula na wenzako. Mimi hupeleka maandazi, na hayabaki. Wakisema "your shout", zamu yako ya kuwanunulia vinywaji imefika. Wewe kunywa soda yako, lakini zamu usiikwepe, utaitwa mchoyo.

Kujua asili ya msemo kunasaidia kuukumbuka. Ninaoupenda ni "furphy", yaani uvumi. John Furphy wa Shepparton, jimbo la Victoria, alitengeneza mikokoteni ya maji yenye jina lake ubavuni. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilitumika katika kambi za jeshi, na askari waliokuja kuchota maji walipiga soga hapohapo. Wanaoteka maji bombani hawahitaji maelezo zaidi.

Sasa angalia: hadithi nyingi za asili unazosimuliwa huko ni furphy tupu. Utaambiwa "fair dinkum", yaani kweli kabisa, ilitoka kwa Wachina wachimba dhahabu, kumbe "dinkum" ni neno la lahaja za Uingereza, lilimaanisha kazi. Utaambiwa pia kangaruu maana yake ni "sielewi". Si kweli. Ni "gangurru", jina la aina moja ya mnyama huyo katika lugha ya Guugu Yimidhirr ya kaskazini mwa Queensland, lililoandikwa na msafara wa baharia Mwingereza James Cook mwaka 1770. Lugha za wenyeji zimetoa mengi. Hata "hard yakka", kazi ya sulubu, chimbuko lake ni Kiyagara cha Brisbane.

Kuelewa ni jambo moja, kutumia ni jingine. "No worries", yaani hamna shida, itumie tangu siku ya kwanza. "Fair dinkum" ikitoka kinywani mwa mgeni husikika kama maigizo. Na fundi akikuambia gari lako "is rooted", limekufa. Ila usimrudishie neno hilo bosi wako, lina upande wa matusi.