Jibu: Picardie haionekani kwenye orodha ya mikoa

Habari mkuu. Nimekuelewa: barua ya chuo inasema Picardie, kaskazini mwa Ufaransa, ila orodha ya mikoa kwenye fomu unayojaza haina mkoa huo. Mimi nilihangaika nayo jioni nzima! Tangu Januari 2016 Picardie imeunganishwa na Nord-Pas-de-Calais, na mkoa mpya unaitwa Hauts-de-France, makao makuu Lille. Amiens ikapoteza hadhi ya makao makuu, ila chuo kikuu chake kimebaki na jina la Picardie, ndiyo maana watu wanachanganyikiwa.

Anza na postikodi. Namba mbili za mwanzo ni za département, yaani sehemu ndogo ya mkoa. Ikianza na 02 (Aisne), 60 (Oise) au 80 (Somme), chagua Hauts-de-France. Ukishika nyaraka za kabla ya 1790, wakati département hazijaundwa, namba hizo zisahau, maana mipaka ya Picardie ya zamani ilikuwa tofauti: Boulogne-sur-Mer ilikuwa Picardie, leo iko Pas-de-Calais, 62.