Ukitaka fundi ajue tochi nzuri, mwachie ya kwako siku moja

Nilikuwa na miaka tisa katika kazi ya umeme siku nilipoozesha samaki wa mama mmoja wa mtaa wa Kamalondo. Mama yule huuza kuku wa barafu na samaki wa thomson kutoka kwenye friza iliyo sebuleni kwake, na aliniita nimwongezee prizi ili friza ihamie kona nyingine. Umeme ulikuwa umekatika, jambo ambalo kwetu Lubumbashi si habari. Nikasema vizuri, nitaunga nyaya kabla haujarudi. Nikapanda darini na taa ya kichwani niliyoinunua dola mbili, nikafungua boksi la maungio.

Ndani kulikuwa na nyaya mbili zilizonihusu: ya kahawia, yenye umeme wakati wote, na nyeusi, inayorudi kutoka kwenye swichi ya taa. Chini ya mwanga ule wa buluu-buluu zote mbili zilikuwa nyeusi tu. Nilichagua moja, nikaunga, nikashuka. Jioni umeme ukarudi, taa ya sebule ikawaka, friza ikanguruma, mama akanilipa. Siku tatu baadaye akaenda matanga Likasi, akalala huko siku mbili. Kabla ya kufunga mlango alizima taa ya sebuleni, kama inavyopasa. Alipozima taa, alizima na friza.

Majirani walilaumu umeme. Mimi nilirudi mchana, nikainua bati moja ili jua liingie darini, na nyaya zile zikaonekana tofauti kama chai ya rangi na makaa. Nililipa samaki wote na kuku wote. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu umeme uliporudi nilipaswa kuzima swichi na kupima kama prizi bado ina umeme. Sikupima. Lakini tangu siku ile nimeacha kuiona tochi kama kitu cha kununua haraka barabarani pamoja na karanga. Ni chombo cha kazi, sawa na koleo na kipima umeme.

Mzee wangu alikuwa ananiambia jambo hili tangu zamani, nami sikumsikia. Alifanya kazi chini ya ardhi kule Kipushi, katika mgodi ulioanza 1924 na kusimama 1993. Kila zamu, alisimulia, mtu alipita kwanza mahali pa taa, akachukua yake, ndipo akashuka. Hakuna aliyeshuka bila taa, kama vile hakuna aliyeshuka bila kofia. Sisi tunaofanya kazi juu ya ardhi tunapanda kwenye dari zenye giza kama lile na simu tumeibana kwa meno.

Kwa nini mwanga ule ulinidanganya? Taa nyeupe ya LED kwa asili ni ya buluu. Ndani yake mna kipande kidogo kinachotoa mwanga wa buluu, na juu yake umepakwa unga wa njano unaogeuza sehemu ya buluu ile, mchanganyiko wake ukaonekana mweupe. Buluu hiyo ilisumbua wataalamu miaka mingi. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuipata. Sasa, katika taa ya bei ya chini, buluu hubaki nyingi na nyekundu huwa kidogo sana. Kahawia haionekani bila nyekundu. Ukiinyima, inakuwa nyeusi.

Kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi za kweli kinaitwa CRI. Jua lina 100. Tochi nyingi za sokoni zina 70 hivi au chini yake, na hawaandiki chochote kwenye boksi. Tochi nzuri kwa fundi ina 90 au zaidi, na watengenezaji wake huiandika, kwa sababu wanajua wamelipia. Angalia pia joto la rangi, yaani kama mwanga unaegemea njano au buluu, linaloandikwa kwa K (kelvin): 4000 hadi 5000 K ni mwanga uliotulia, 6500 K ni ule wa baridi unaochosha macho. Kama huna boksi, washa tochi juu ya kiganja chako. Kwenye mwanga mzuri utaona damu chini ya ngozi, wekundu ule wa mtu mzima wa afya. Kwenye mwanga mbaya kiganja kinakuwa cha majivu. Mimi hutembea na vipande vinne vya waya mfukoni, kahawia, nyeusi, nyekundu na buluu, na muuzaji akikataa nijaribu, naondoka.

Nilipopata tochi yangu ya kwanza ya kweli, niliwaendea mafundi wenzangu kama mhubiri. Niliwaeleza lumeni, yaani wingi wa mwanga, nikawaeleza CRI. Hakuna aliyenunua, na hawakuwa na makosa. Fundi wa magari mmoja, tunayefahamiana kutoka barabara ya Kipushi, alinijibu kwa heshima, akiniita yaya, yaani kaka mkubwa: “Yaya, yangu inatosha.” Alisema kweli kwa upande wake. Alikuwa hajui ni nini asichokiona.

Miezi kadhaa ikapita, nikamkuta amelala chini ya Toyota, mafuta yanadondoka, naye anataka kufungua injini kwa nyuma abadilishe sili. Kazi ya siku mbili. Sikusema neno. Niliivua taa yangu kichwani nikampa. Akakaa kimya kidogo, kisha akapitisha kidole, akakitazama chini ya mwanga. Mafuta yalikuwa mekundu. Ya injini huwa ya asali yakiwa mapya na meusi yakizeeka. Mekundu ni ya gia otomatiki, au ya usukani. Alifuata wekundu ule na mwanga mpaka kwenye mpira wa usukani uliopasuka, juu, mbali na injini. Akatoka chini ya gari, akaniambia: “Yaya, niachie hii mpaka kesho, niko nayo lazima.” Ilikaa kwake wiki tatu. Iliporudi, alikuwa ameshaagiza ya kwake kupitia dada yake anayefanya biashara mpakani Kasumbalesa.

Hiyo ndiyo njia ninayoifuata sasa, na ndiyo ushauri wangu kwako kama unataka wenzako waone unachokiona. Usimsomee mtu namba. Subiri kazi imshike, kisha mwachie ya kwako, uende zako. Ukisimama pale unamtazama, ataona umekuja kumpima.

Lakini umwachie ile inayofaa mikono yake. Hapo nilikosea mara mbili, na moja ingeweza kuumiza mtu.

Kosa la kwanza lilikuwa kwa mwashi. Nilimpa tochi iliyoandikwa kuwa inafika mita 300, nikidhani ya mbali ndiyo bora. Alikuwa anapiga lipu ukutani, mkono mmoja kutoka usoni. Aliona doa moja jeupe linaloumiza macho, na kando yake giza. Umbali unaoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa utaratibu uitwao FL1, uliotolewa 2009: ni mahali ambapo mwanga umebaki na nguvu kama ya mbalamwezi, lux 0.25. Tochi kama hiyo inamfaa mlinzi wa uwanja. Fundi anayefanya kazi kwa urefu wa mkono anahitaji mwanga mpana, ulioenea sawasawa, na lumeni 100 hadi 300 zinamtosha kabisa. Zile 1,000 zinazotangazwa kwa herufi kubwa, kwenye tochi ndogo hazidumu. Baada ya dakika chache chuma kinapata moto na taa inajipunguza yenyewe. Na kwenye ukuta mweupe zinapofua.

Kosa la pili lilikuwa betri. Tochi nyingi nzuri hutumia betri ya lithiamu iitwayo 18650: upana milimita 18, urefu 65. Ina nguvu sana, na nguvu hiyo haina huruma. Nilimpa fundi bomba tochi pamoja na betri ya akiba, bila kumpa kijiboksi chake wala maelezo. Akaitia mfukoni pamoja na funguo. Funguo zikagusa pande zote mbili za betri, suruali ikaanza kutoa moshi akiwa ameinama juu ya bomba la jikoni kwa watu. Aliitupa nje kwa wakati, paja likabaki na alama ndogo. Nilikwenda kumwomba msamaha nyumbani kwake mbele ya mke wake, kwa sababu betri ile ilitoka mkononi mwangu.

Kwa hiyo sikia. Mtu ambaye hatazitunza betri zilizo wazi, mpe tochi yenye betri ndani inayochajiwa kwa waya wa simu, au inayotumia betri za kawaida za AA. Hakuna aibu katika hilo. Inayochajiwa kwa waya wa simu inatufaa sana sisi ambao umeme huja na kuondoka, maana unaichaji popote, hata kwenye paneli ndogo ya jua. Na kama utanunua 18650, usiamini boksi linalosema 9,900 mAh, yaani kiasi cha umeme inachobeba. Ya kweli haivuki sana 3,500. Ipime mkononi: nzima ina uzito wa karibu gramu 45 hadi 50, nyingi za uongo ni nyepesi. Zile zinazotolewa kwenye kompyuta zilizokufa na kuuzwa upya, mimi siziingizi kwenye tochi ninayoivaa kichwani. Ganda likichanika, iache.

Maji sitayaongelea sana: tochi yenye alama ya IPX4 inavumilia mvua, yenye IPX7 inavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Fundi bomba achukue ya pili.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kumetameta. Tochi nyingi, ukizipunguza mwanga, huwaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni. Kwenye mashine inayozunguka hiyo ni hatari ya kweli, kwa sababu feni ya gari au jiwe la kusagia chuma linaweza kuonekana kama limesimama, au linazunguka polepole, na mkono ukaufuata udanganyifu ule. Washa tochi kwenye mwanga wake mdogo, itazame kupitia kamera ya simu. Ukiona mistari minene inapita, usiipeleke kwenye mashine. Na palipo na mvuke wa petroli, usiingize tochi ya kawaida ya aina yoyote hata iwe ya bei gani. Kuna taa zilizotengenezwa na kuthibitishwa kwa mahali kama hapo, zenye alama ya ATEX au inayolingana nayo.

Bei? Yangu ilinigharimu dola 28. Kabla yake nilikuwa na ndoo ambamo nilitupa zile za dola mbili zilizokufa: kumi na moja katika miaka miwili, bila kuhesabu betri. Sitamwambia kijana anayeanza kazi akope ili anunue. Anunue kwanza kipima umeme kizuri. Na anayejenga nje mchana kutwa, simu yake inamtosha.

Kuna jambo moja ninalolipenda kuliko yote niliyoyaandika hapa. Sisi wote tulijifunza kazi kwa kumshikia patroni mwanga. Unasimama kwenye ngazi saa nzima, mkono umekufa ganzi, na kila dakika unakaripiwa, kwa sababu macho yako yanafuata unachotaka kuona wewe na mwanga unafuata macho yako. Kijana aliye nami sasa alianza hivyo hivyo. Nilipomnunulia taa yake ya kichwani, mikono yake miwili ikawa huru kwa mara ya kwanza, nami sikujua nimpe nini cha kushika. Nikampa koleo. Ndani ya mwezi mmoja alifungua boksi za maungio nyingi kuliko nilizofungua mimi katika mwaka wangu wote wa kwanza. Sasa tunainama juu ya boksi moja, mianga miwili inakutana juu ya waya uleule, na mara nyingine ni yeye anayesema, “Papa, ile si nyeusi.”

Mwezi uliopita mama wa Kamalondo aliniita tena. Sikutegemea. Alitaka prizi nyingine, friza ya pili imefika. Umeme ulikuwepo, nikaukata mwenyewe, tukapanda na kijana, tukaunga ya kahawia, tukashuka na kuurudisha. Nilitaka kutoa kipima umeme, lakini mama alinitangulia. Alikwenda mwenyewe kwenye swichi, akazima taa ya sebule, akainamisha sikio kwenye friza mpya, akatunyoshea kidole tunyamaze.