Siku theluji ilipozima kelele, nikamsikia mama akihesabu ngazi

Ndugu mleta mada, umeuliza: theluji imewafungia ndani, kazi imelala, watoto wanakuzunguka kutwa, na kila unayemweleza anakwambia "mshukuru Mungu mko pamoja". Sasa unashukuruje kwa siku unayoiona imepotea? Swali hili nimekaa nalo muda mrefu, nakujibu kwa yaliyonikuta.

Siku hiyo niliamka saa kumi na mbili kasoro, nikahisi kama nimeziba masikio. Barabara iliyo chini ya dirisha letu hainyamazi hata usiku wa manane, lakini asubuhi ile, kimya. Nilikuja kujua sababu baadaye: theluji ikiwa mpya, sehemu kubwa yake ni hewa tu, mara nyingi zaidi ya asilimia 90. Sauti huingia kwenye vile vinafasi vilivyo kati ya chembe na kupotelea humo. Ikishashindiliwa, au ikayeyuka juu na kuganda tena, uso wake unakuwa mgumu na kelele zinarudi. Kwa hiyo ukimya ule ni wa siku moja, ukibahatika mbili.

Wakati huo sikujali. Nilikuwa na kikao kimeahirishwa na gari limefukiwa. Nikachukua koleo nikatoka kufukua kwa hasira, jambo ambalo sikushauri, maana theluji ni nzito kuliko inavyoonekana na moyo unafanya kazi kubwa kwenye baridi. Fukua polepole, upumzike.

Niliporudi ndani nikakaa kwenye ngazi ya chini kuvua buti. Ndipo nikasikia sauti ya kunong'ona juu yangu. "Moja... mbili... tatu..."

Mama alikuwa anashuka. Mkono mmoja ukutani, mguu wa kulia unatangulia, wa kushoto unafuata na kutua palepale ulipo mwenzake, ndipo anataja namba. Anaishi nasi tangu alipovunjika nyonga, huu mwaka wa tatu, na sikuwahi kumsikia akihesabu. Asubuhi zote redio inaongea, simu inaita, mimi natafuta funguo. Alipofika kumi na mbili akasimama, nilikuwa nimeziba njia.

"Mama, kumbe huwa unahesabu?"

"Kila siku, mwanangu. Nikifika kumi na nne najua nimefika chini, hata kama taa imezimwa."

Nikainuka nikampa mkono. Kiganja chake kilikuwa na joto kuliko changu. Akamalizia mbili zilizobaki kwa sauti, nami nikazihesabu naye. Ndugu yangu, koo lilinikaba. Miaka mitatu mtu anavuka hofu yake kila asubuhi, hatua tatu kutoka nilipo, na mimi sina habari.

Mchana kitinda mimba wetu alifungua dirisha akanyoosha mkono nje, kavaa sweta nyeusi. Chembe zikatua na kuyeyuka hapo hapo. Mama akamwambia atoe kitambaa cheusi kikae nje kwanza kipoe, na kweli, kilipopoa zikaanza kukaa. Ilitua moja pana, safi, ncha zake zinaonekana kwa macho. "Bibi, hesabu!" Bibi akahesabu: moja, mbili, mpaka sita. Ni sita kwa sababu ya jinsi maji yanavyojipanga yanapoganda. Wilson Bentley, mkulima wa Vermont huko Marekani, alianza kuzipiga picha moja moja mwaka 1885 na akafikisha zaidi ya 5,000. Sisi tulizipata nne zilizokamilika, na kila moja Bibi aliihesabu upya.

Pengine umeshaambiwa pia uandike mambo ya kushukuru: ushauri huo una msingi. Wanasaikolojia Emmons na McCullough walichapisha utafiti mwaka 2003, na walioandika mambo ya kushukuru kila wiki waliyaona maisha yao vizuri zaidi kuliko walioandika kero. Mimi nilijaribu kabla ya siku hiyo, nikawa naandika "afya, familia, nyumba", wiki baada ya wiki, na sikuhisi chochote. Usiku ule niliandika "mama, ngazi ya kumi na nne". Hayo maneno nikiyasoma mpaka leo yananigusa. Kwa hiyo kesho mkiwa bado mmefungiwa, acha kwanza kutafuta shukrani. Zima kila kinachoongea, kaa mahali watu wako wanapopita, usikilize. Watoto wakipiga kelele, sikiliza hata wanachogombania.

Kwetu theluji imeshayeyuka na malori yanapita kama kawaida. Leo asubuhi saa moja nilizima redio nikasimama chini ya ngazi. Kwa shida nikaisikia ya saba, ya nane, ya tisa. Nilisubiri mpaka kumi na nne, ndipo nikaiwasha.