Maua ya salami na jua la Mtwara

Juzi usiku nimeshajilaza, simu ikaita. Ujumbe kutoka Lindi, dada mmoja wa Mtanda: "Dada, habari za siku. Kicheni pati ya mdogo wangu ni Jumamosi ijayo. Naomba unifundishe yale maua yako ya nyama na jibini, na tafadhali usinifiche kitu."

Hapo kwenye kufichwa nilicheka peke yangu gizani. Watu wanadhani kuna dawa. Dada, siri ninayo moja, nayo ni barafu. Wauza samaki wanaijua kuliko mimi.

Nimeona nijibu hapa hadharani kwa sababu tangu Ijumaa iliyopita wameniuliza wengi. Ijumaa hiyo nilipeleka masinia matatu kwenye sendofu hapa Shangani, na saa nne usiku yalirudi nyumbani yakiwa na majani ya mnanaa na vijiti vya meno tu. Hata makombo ya biskuti yalikuwa yamezolewa. Sisemi kwa kujisifu. Haya, kidogo kwa kujisifu.

Kwa ambaye hajawahi kuona: ni sinia, au ubao, unaopangwa nyama za kusindika kama salami, ile soseji nene inayokatwa vipande vyembamba, jibini, matunda, korosho na biskuti za chumvi, wageni wadonoe kabla ya pilau. Jiko haliwashwi. Waitaliano huita antipasto, maana yake kitu cha kabla ya mlo. Kwetu kila mtu ana jina lake: sinia la maua, bodi ya jibini, wengine "ile ya Instagram". Mama yangu, siku ya kwanza nilipomwambia kwenye simu kwamba nasubiri chizi kwenye basi la kutoka Dar, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Chizi wa nani, mwanangu?" Tangu siku hiyo nyumbani kwetu tunasema jibini.

Sasa niwape habari ya Novemba 2022, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nasisitiza barafu kama mtu aliyerogwa.

Ilikuwa msimu wa korosho, minada inaendelea, hela ipo mikononi mwa watu na kila wiki kuna shughuli. Wifi mkubwa wa bi harusi mmoja alinitafuta. Simtaji jina, anajijua, na anasoma hapa. Alikuwa ameona picha ya mtandaoni, sinia lililojaa mawaridi mekundu ya salami, akasema anataka hivyo hivyo, "watu wa upande wa mke wajue wameolewa wapi." Tukakubaliana 180,000, akatoa nusu.

Nilikuwa sijawahi kutengeneza hata ua moja. Hilo sikumwambia. Nilitazama video mpaka bando likaisha, nikaagiza salami ya ng'ombe na jibini Dar, vikaja kwa basi, zaidi ya kilomita 550 ndani ya boksi lililofungwa gazeti na chupa mbili za maji ya kuganda. Basi lilipoingia stendi chupa zilikuwa maji ya uvuguvugu. Hapo ningeshtuka. Sikushtuka. Nilifurahi kwamba mzigo haukuibiwa.

Ua lenyewe halina ugumu. Unachukua bilauri yenye mdomo mdogo. Kipande cha salami, kiwe chembamba, unakikalisha kwenye ukingo, nusu ndani nusu nje, kama nguo inavyoanikwa kwenye kamba. Cha pili kinapanda nusu ya cha kwanza. Unazunguka hivyo mpaka mdomo wa bilauri ujae, kisha unaanza mzunguko wa pili juu ya ule, na wa tatu ukipenda. Kila duara unakandamiza kidogo kwa kidole gumba ili vipande vishikane. Ukishamaliza unaigeuza bilauri juu chini kwenye sinia, unainyanyua polepole, na ua linabaki limechanua. Mara ya kwanza linapotokea, wallahi, unaita majirani. Mimi niliita. Tulisimama wanne jikoni tunatazama nyama.

Saa sita mchana nilikuwa nimeshamaliza kila kitu: maua tisa, jibini limekatwa pembetatu, nanasi katikati limechongwa kama taji. Shughuli saa kumi. Nikajiona mjanja, nimewahi. Saa saba umeme ukakatika.

Nilifunika sinia kwa kanga nikakaa nalipepea kama mgonjwa. Saa tisa na nusu nikapanda bajaji, sinia mapajani. Ratiba ilisema saa kumi; bi harusi aliingia saa mbili kasoro usiku. Nani hajui ratiba zetu? Nilijua. Nilijua na bado nikapanga kana kwamba nakaa Uswisi.

Nilipofunua ile kanga mbele ya meza kuu, jibini lilikuwa limetoa jasho, matone madogo ya mafuta yanang'aa kwenye taa. Pembe zote zimejikunja. Maua yamelala ubavu, petali zimefunguka moja moja, na chini yake kidimbwi chekundu cha mafuta kimetafuta njia kwenda kwenye biskuti. Sisimizi walikuwa wameshaanza kupiga mstari kutoka mguu wa meza. Lile nanasi nililojivunia lilikuwa limechuruzika juu ya jibini, na jibini lililoguswa na maji ya nanasi bichi kwa saa kadhaa huwa chungu, kwa sababu nanasi lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa. Hilo nimelijua baadaye. Siku ile nilijua tu kwamba mzee mmoja alitafuna, akasita, akatema kwenye tishu kwa adabu kubwa.

Mama mkubwa wa bi harusi akaniita pembeni. "Mwanangu, hii nyama imepikwa saa ngapi?"

"Haipikwi, mama."

"Haipikwi?"

"Inaliwa hivyo hivyo."

Akakitazama kipande kilichokuwa mkononi mwake, akainama, akampa paka. Na paka, jamani, alikinusa tu.

Yule wifi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alipiga picha, akairusha kwenye kundi la harusi na kuandika, "Vyakula vibichi vya kisasa." Elfu tisini iliyobaki sijaiona mpaka leo.

Basi, dada wa Mtanda, hiyo ndiyo shule niliyosoma. Yanayofuata ni yale niliyoyalipia.

Barafu kwanza. Mafuta ya maziwa huanza kulainika hata kabla joto halijafika nyuzi 30, na ukumbi wetu wenye watu mia mbili na mapazia ya satini huo ni tanuri. Wataalamu wa usalama wa chakula wanasema vitu hivi visikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 iwe saa moja. Kwa hiyo mimi sasa natumia masinia mawili mahali pa moja: kubwa la chini lina barafu iliyopondwa na kufunikwa kitambaa safi, dogo la bati linakaa juu yake. Hela ya barafu naiweka kwenye bei. Mteja akiniuliza ya nini, namwambia ndiyo chakula chenyewe.

Pili, usipange mapema. Maua yatengeneze asubuhi, yaache yamekaa na bilauri zake ndani ya friji, zimefunikwa, mpaka yashike. Jibini likate, litie kwenye chombo chenye mfuniko, lirudi friji. Kila kitu kisafiri kwenye boksi la barafu kikiwa kimetengana. Upangaji uwe ukumbini, na uanze pale unaposikia MC anasema bi harusi yupo nje. Usimwamini akisema yupo njiani. Ukiwa na mkono mwepesi, dakika kumi na tano zinatosha. Vitabu vya Ulaya vitakwambia utoe jibini kwenye friji saa nzima kabla ya kula ili ladha ifunguke. Hapa Mtwara ladha inafunguka ndani ya bajaji.

Jibini liwe gumu gumu, cheddar au gouda. Yale laini meupe yanayokaa kwenye maji waachie wenye viyoyozi. Mimi siku hizi natumia zaidi jibini la Njombe, na hii nayo ina kisa chake. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar kukatika maeneo ya Somanga, nilikuwa na oda mbili na friji tupu. Nikapata mtu wa kunitumia jibini kutoka Njombe kwa njia ya Songea, Tunduru, Masasi. Likafika salama, baridi ya nyanda za juu bado imo. Tangu hapo sina shida ya Rufiji wala Somanga kwa upande wa jibini. Salami bado inanitesa.

Kuhusu salami, msikilize mama mkubwa. Swali lake lilikuwa la haki na mimi sikuwa na jibu. Zile ngumu za Kitaliano kweli hazipikwi: zinatiwa chumvi, zinachachushwa na kuning'inizwa wiki nyingi mpaka zikauke. Lakini salami nyingi za ng'ombe za madukani kwetu zimeshapikwa kiwandani, na imeandikwa kwenye pakiti. Soma pakiti. Tena usiitupe: mimi naisimamisha kando ya sinia ili kila mtu aone ni ng'ombe na aone alama ya halali. Wageni wetu wengi ni Waislamu, na mtu akishaanza kunong'ona kuhusu nguruwe, hata ukiapa kwa msahafu sinia limekufa. Na wajawazito, wasile zile zisizopikwa wala jibini laini la maziwa mabichi. Waambie mapema, wasije wakajisikia wamenyimwa.

Korosho zipange mwisho kabisa, zikipata unyevu zinalegea. Mimi mjomba wangu yuko Newala, kwa hiyo nachoma mwenyewe. Vipande vilivyovunjika naweka chini vijaze nafasi, nzima nzima zinakaa juu zionekane. Embe linapatana na jibini vizuri kuliko nanasi. Zabibu zikipatikana sawa, zisipopatikana usilie.

Na barafu. Nimeshasema barafu?

Sasa acheni niseme na wadada wa Kusini, kwa sababu hili limenikaa kooni. Ile picha ya kundi la harusi ilinifanya niache kazi hii miezi minne. Nikarudi kwenye sambusa na kachori, nikajiambia haya ni mambo ya matajiri wa Masaki, Dar, mimi mtu wa Mtwara nilikuwa natafuta nini. Sisi tuna bandari. Gesi ya Mnazi Bay inawasha taa za Dar. Korosho yetu inapakiwa ghafi kwenda India na Vietnam, wenzetu wanabangua na kuuza kwa bei yao. Lakini mtoto wa hapa akiweka jibini mezani anaambiwa anajifanya. Anayekuambia hivyo ni nani? Mara nyingi ni yule yule aliyekuomba umfanyie, na nusu ya hela yako bado iko kwake. Kwa hiyo dai malipo yote kabla hujanunua hata kijiti. Msinione mkali. Mkarimu sana huwa analala na madeni ya watu wengine. Na usimfiche mteja kwamba hujawahi kufanya. Hapo nilikosea mimi, wala sina wa kumlaumu. Tengeneza kwanza la nyumbani, liache mezani saa mbili bila feni, utazame linavyokufa. Utajifunza zaidi ya video yoyote.

Ubao wangu wa sasa alinichongea fundi mmoja Mikindani, wa mninga, pembeni una michoro ya samaki. Naupaka mafuta ya nazi kila baada ya kuosha. Huo ni wa picha na wa meza kuu tu, kwa sababu mti haushiki baridi kama bati, kwa hiyo ukumbini ukae dakika chache kisha uondoke. Watu wanaukumbuka ubao kuliko chakula, nami sigombani nao.

Ijumaa ile ya Shangani, kati ya wageni alikuwepo yule wifi. Hatukusalimiana kwa maneno, tuliinamishiana vichwa. Alikuja mezani mara mbili bila kuchukua kitu. Mara ya tatu akachukua ua zima, akalitia kwenye sahani, akaenda kukaa karibu na feni akawa analichambua petali moja moja na kula polepole, macho kwenye simu. Vipande kumi na moja, nilivihesabu. Kisha akarudi, akafungia jibini na korosho kwenye tishu, akaziweka kwenye pochi. Jumamosi asubuhi kaniandikia: "Mambo, wifi. Lile sinia dogo ni bei gani?" Nimemjibu bei ya sinia, nikaongeza na 90,000 kwenye mstari wake wa peke yake. Bado inaonyesha ameisoma tu.

Dada wa Mtanda, barafu iagize Ijumaa, usingoje siku yenyewe, maana Jumamosi ya shughuli nyingi inaisha mapema. Bilauri sita zinakutosha kwa watu hamsini. Na ukikwama nitumie picha ua likiwa bado ndani ya bilauri, siyo likishalala.